Mahakama ya Juu ya Marekani na kesi zilizoijenga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majaji wa Washington wakizuia amri ya rais au kufuta sheria ya Bunge, swali ni lilelile: nani aliwapa uwezo huo? Jibu la mkato ni kwamba waliujenga wenyewe, kesi baada ya kesi, kati ya mwaka 1790 na 1835, na mara nyingi waliujenga kwa kukataa walichoombwa kufanya. Majibu marefu yako hapa chini.

Katiba ya Marekani inasema wapi kwamba mahakama inaweza kufuta sheria?

Haisemi popote. Ibara ya III, inayohusu mahakama, ni fupi kuliko ile ya Bunge na ile ya rais. Inataka iwepo Mahakama ya Juu moja na mahakama za chini kadiri Kongresi, yaani Bunge la taifa, itakavyoona inafaa. Inawahakikishia majaji kazi yao maadamu mwenendo wao ni mwema, na inakataza kuwapunguzia mishahara. Kisha inataja aina za kesi wanazoweza kuzisikiliza. Hata idadi ya majaji haimo. Iliwekwa na Sheria ya Mahakama ya 1789, ambayo ilianza na majaji sita.

Ibara ya VI ndiyo inayotamka kwamba Katiba, sheria za taifa zilizotungwa kwa kuifuata, na mikataba ya kimataifa ndizo sheria kuu za nchi. Lakini haisemi nani ataamua sheria fulani ikidaiwa kwenda kinyume na Katiba. Pengo hilo ndilo chanzo cha yote yanayofuata.

Kwani hilo wazo la kufuta sheria Jaji Mkuu John Marshall alilibuni mwenyewe?

Hapana, na huu ni uzushi unaorudiwa sana. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, alilitetea waziwazi katika makala za magazeti ya New York mwaka 1788, wakati Katiba ikipigiwa debe ili iidhinishwe. Baadhi ya mahakama za majimbo zilikwisha kukataa kutumia sheria za mabunge yao. North Carolina ilifanya hivyo mwaka 1787. Alichofanya Marshall, katika kesi ya Marbury tutakayoiona chini, ni kulitoa wazo hilo kwenye mijadala na kuliweka ndani ya hukumu.

Ni kweli kwamba mwanzoni Mahakama ya Juu haikuwa na kazi?

Ni kweli kabisa. Kikao cha kwanza kiliitishwa New York tarehe 1 Februari 1790, na kikaahirishwa hadi kesho yake kwa sababu majaji waliofika hawakutosha. Walipotimia, hapakuwa na kesi hata moja. Kazi iliyowachosha ilikuwa nje ya makao makuu: kila jaji alilazimika kusafiri mikoani, kwa farasi au gari la kukokotwa, kuketi katika mahakama za mzunguko. Barabara zilikuwa mbovu, na wengine walijiuzulu kwa sababu hiyo.

Hadhi ya cheo chenyewe utaiona kwa John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza. Mwaka 1794 alitumwa Uingereza kujadili mkataba akiwa bado Jaji Mkuu. Aliporudi akakuta amechaguliwa gavana wa New York, akaacha ujaji akachukua ugavana. Leo ni vigumu kumfikiria Jaji Mkuu akiacha kiti chake akawe gavana. Rais John Adams alipotaka kumrudisha mwishoni mwa 1800, Jay alikataa: mahakama ile, alimwandikia, haikuwa na nguvu, uzito wala heshima inayotakiwa. Ndipo Adams akamgeukia waziri wake wa mambo ya nje, John Marshall wa Virginia, aliyekuwa na umri wa miaka 45.

Kwa hiyo kabla ya Marshall hakuna kilichofanyika?

Kilifanyika, ila wengi wanakipita haraka. Mwaka 1792 Kongresi iliwapa majaji kazi ya kukagua madai ya pensheni ya askari walioumia katika vita vya uhuru, huku uamuzi wao ukiweza kubadilishwa na waziri wa vita. Majaji kadhaa walisema hiyo si kazi ya mahakama; hukumu ambayo waziri anaweza kuipindua si hukumu. Suala hilo linajulikana kama kesi ya Hayburn. Kongresi ilibadilisha sheria kabla Mahakama ya Juu haijatoa uamuzi.

Mwaka uliofuata Ulaya ilikuwa vitani na Rais George Washington alitaka kujua mikataba ya Marekani na Ufaransa inamfunga kiasi gani. Waziri wake wa mambo ya nje, Thomas Jefferson, aliwapelekea majaji orodha ya maswali 29. Wangeweza kujibu na kujifanya washauri wa rais. Walikataa, kwa adabu, kwa barua: mahakama huamua migogoro iliyoletwa mbele yake na haitoi ushauri wa pembeni. Mpaka leo mahakama za shirikisho za Marekani hazitoi ushauri wa kisheria kwa serikali.

Mara moja walipokwenda kwa pupa, walikiona cha moto. Katika kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia (1793), msimamizi wa mirathi ya mfanyabiashara wa South Carolina alilidai jimbo la Georgia malipo ya bidhaa zilizotolewa wakati wa vita. Georgia ilikataa hata kufika mahakamani. Majaji wanne dhidi ya mmoja wakaamua kwamba jimbo linaweza kushtakiwa na raia wa jimbo jingine. Baraza la Wawakilishi la Georgia likapitisha muswada unaosema atakayethubutu kutekeleza hukumu hiyo anyongwe. Muswada huo haukuwa sheria, lakini hasira zilienea majimbo yote, na kufikia Februari 1795 Marekebisho ya 11 ya Katiba yalikuwa yameidhinishwa ili kuifuta hukumu. Nadhani hakuna somo lililowakaa majaji wa baadaye kichwani kama hili.

Kesi ya Marbury dhidi ya Madison ilihusu nini hasa?

Ilihusu karatasi ambayo haikufikishwa kwa mwenyewe.

Chama cha Federalist cha Rais Adams kilishindwa katika uchaguzi wa 1800. Kabla ya kukabidhi madaraka tarehe 4 Machi 1801, kilitumia wiki za mwisho kujaza mahakama watu wake. Sheria mpya iliunda nafasi 16 za majaji wa mzunguko. Nyingine ikaruhusu mahakimu wadogo wa kulinda amani katika wilaya ya Washington, na Adams akateua 42. Seneti iliwathibitisha siku moja kabla ya yeye kuondoka. Adams akatia saini hati, na waziri wa mambo ya nje akazipiga lakiri. Waziri huyo alikuwa Marshall yuleyule, ambaye tangu Februari alikuwa Jaji Mkuu pia lakini hakuwa ameacha uwaziri.

Muda ukawa mfupi. Ndugu yake, James Marshall, alichukua hati za mahakimu wa upande wa Alexandria, akaona hawezi kuzibeba zote, akarudisha kadhaa ofisini. Asubuhi Thomas Jefferson akaapishwa, na alipojua kuna hati zilizobaki akaagiza zisitolewe. William Marbury na wenzake watatu, waliokosa zao, wakaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu mwezi Desemba 1801. Waliomba amri ya kumlazimisha waziri mpya, James Madison, akabidhi hati.

Hali ya kisiasa ilikuwa ya moto. Kongresi mpya ilifuta sheria iliyounda wale majaji 16, kisha ikabadilisha ratiba ya vikao, hivyo Mahakama ya Juu haikukutana tena hadi Februari 1803. Ilipokutana, Madison hakutokea. Levi Lincoln, mwanasheria mkuu wa serikali aliyekaimu uwaziri siku za mwanzo za Jefferson, aliitwa atoe ushahidi. Akaomba maswali kwa maandishi, akaomba muda wa kufikiri hadi kesho yake, na hatimaye hakutaka kueleza hati ziliishia wapi. Mwanasheria mkuu wa serikali anaulizwa barua ziko wapi, naye anaomba akalale kwanza!

Tarehe 24 Februari 1803 Marshall alisoma hukumu. Kwa kuwa Jaji Samuel Chase alikuwa anaumwa jongo, majaji walikutana katika hoteli ya Stelle alikokuwa amelala. Marshall aliuliza maswali matatu. Marbury ana haki ya hati? Ndiyo: rais alikwisha saini na lakiri imepigwa. Sheria inampa njia ya kuipata? Ndiyo: serikali inayofuata sheria haiwezi kumnyima mtu haki yake kisha ikamwambia hakuna pa kulalamika. Je, mahakama hii inaweza kutoa amri aliyoomba? Hapana.

Sababu ya hapana ndiyo iliyobadilisha historia. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya 1789, kwa tafsiri ya Marshall, kiliipa Mahakama ya Juu uwezo wa kusikiliza ombi kama hilo kwa mara ya kwanza. Lakini Katiba inaitaka isikilize kwa mara ya kwanza kesi za mabalozi na za majimbo tu. Zilizobaki ziifikie kwa rufaa. Kongresi haiwezi kuongeza kilichowekewa mpaka na Katiba. Kifungu kikawa batili. Na kusema sheria ni ipi, aliandika Marshall, ni kazi na wajibu wa mahakama.

Kama Marbury alishindwa, kwa nini kesi hii inaitwa ushindi wa mahakama?

Angalia nani alibaki na nini. Jefferson alipata alichotaka: hati hazikutolewa. Hakuna amri iliyotoka, kwa hiyo hakuna amri ambayo Madison angeipuuza mbele ya nchi nzima. Kama Marshall angemwamuru, karibu kila dalili inaonyesha angedharauliwa, na aibu ya Chisholm ingejirudia. Badala yake alikataa uwezo mdogo aliopewa na Kongresi, na katika kuukataa akajitwalia uwezo mkubwa wa kuipima Kongresi yenyewe. Upande ulioshinda haukuwa na kitu cha kukatia rufaa wala cha kukaidi.

Siku sita baadaye, katika kesi ya Stuart dhidi ya Laird, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba Kongresi ilikuwa na haki ya kufuta zile mahakama za mzunguko za 1801. Majaji 16 wakabaki bila kazi. Wanaoisifu Marbury peke yake hukosa kuona kwamba hukumu hizi mbili zinakwenda pamoja: ya kwanza inadai kanuni, ya pili inaepuka vita.

Marshall hakupaswa kujitoa katika kesi hiyo?

Kwa vipimo vya leo, alipaswa kujitoa kabla hata jalada halijafunguliwa. Yeye ndiye aliyeshindwa kupeleka hati, ndugu yake alikuwa shahidi, na alikuwa na uhasama wa wazi na Jefferson, ambaye pia walikuwa na undugu wa mbali. Jambo la ajabu ni kwamba alijua kujitoa alipoona inafaa. Katika mgogoro wa ardhi ya Fairfax hakuketi kwa sababu familia yake ilikuwa imenunua sehemu ya ardhi hiyo. Hapo ilikuwa mali yake. Kwa Marbury ilikuwa siasa yake, na siasa haikumzuia.

Jefferson na wafuasi wake waliikubali hukumu hiyo?

Waliikubali kwa kuwa haikuwagharimu, lakini walitafuta njia nyingine ya kuwabana majaji: kuwashtaki bungeni na kuwang'oa. Mwaka 1803 na 1804 waliwashtaki wawili. John Pickering, jaji wa wilaya ya New Hampshire aliyekuwa mlevi na mwenye matatizo ya akili, aling'olewa. Kisha wakamgeukia Chase wa Mahakama ya Juu, mtu mwenye ulimi mkali aliyezoea kuhubiri siasa akiwa kitini. Kesi yake ilisikilizwa Seneti mwanzoni mwa 1805, na tarehe 1 Machi aliachiwa baada ya kura za kumtia hatiani kukosa theluthi mbili. Hakuna jaji wa Mahakama ya Juu aliyeshtakiwa bungeni tangu hapo. Kwa maoni yangu kura hizo zililinda uhuru wa mahakama kama Marbury ilivyofanya, ingawa vitabu vingi vya shule huziacha.

Ni nini kilibadilika katika namna majaji walivyotoa hukumu?

Kabla ya Marshall, desturi ilifuata ya Uingereza: kila jaji anasoma maoni yake, na wakili anabaki kujumlisha mwenyewe. Marshall alisisitiza hukumu moja, maoni ya mahakama nzima, mara nyingi yakiandikwa naye. Katika miaka yake 34 aliandika hukumu zaidi ya 500.

Ilisaidia kwamba majaji waliishi pamoja katika nyumba moja ya kupanga kila kikao kilipofika, wakila meza moja. Joseph Story, mmoja wa majaji hao, alikuwa akisimulia kwamba walikubaliana wasinywe mvinyo ila siku za mvua. Marshall humtuma achungulie dirishani; akiambiwa jua linawaka, hujibu kwamba eneo la mamlaka yao ni kubwa mno, lazima kuna mahali mvua inanyesha.

William Johnson, aliyeteuliwa na Jefferson mwaka 1804 ili kuleta sauti tofauti, alimwandikia rais huyo mstaafu mwaka 1822 kwamba alipothubutu kutofautiana na wenzake alisomewa mihadhara kuhusu aibu ya majaji kushambuliana. Jefferson aliuchukia utaratibu huo. Alijua majaji saba wakisema kwa sauti moja ni vigumu kuwagawa.

Mahakama ilipataje nguvu juu ya majimbo?

Kwa kesi tatu hasa. Ya kwanza, Fletcher dhidi ya Peck (1810), ina harufu mbaya. Bunge la Georgia mwaka 1795 liliuza takriban ekari milioni 35 za eneo la Yazoo kwa dola 500,000, na karibu wabunge wote waliounga mkono walikuwa na maslahi katika kampuni zilizonunua. Wananchi wakawaondoa kwenye uchaguzi, na bunge jipya likafuta mauzo mwaka 1796 na kuichoma sheria ile hadharani. Lakini ardhi ilikwisha kuuzwa kwa wengine ambao hawakuhusika na rushwa. Marshall alisema mauzo ni mkataba, na Katiba inakataza jimbo kuvunja mikataba. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Mahakama ya Juu kuifuta sheria ya jimbo kwa kukiuka Katiba. Mtu anaweza kukubali kanuni na bado akaumia kuona wala rushwa wakifaidika nayo.

Ya pili, Martin dhidi ya Hunter's Lessee (1816), ilihusu ardhi ya Fairfax. Mahakama ya rufaa ya Virginia ilikataa kutii Mahakama ya Juu, ikidai haina mamlaka ya kusikiliza rufaa kutoka mahakama za majimbo. Story, akiandika badala ya Marshall, alijibu kwamba bila rufaa hiyo Katiba moja ingekuwa na maana tofauti katika kila jimbo.

Ya tatu ni Cohens dhidi ya Virginia (1821). Ndugu wawili waliuza tiketi za bahati nasibu iliyoruhusiwa na Kongresi kwa ajili ya mji wa Washington. Waliziuza Norfolk, Virginia, wakatozwa faini ya dola 100. Virginia ilisema Mahakama ya Juu haiwezi kugusa kesi ya jinai ya jimbo. Marshall akasema inaweza, kwa kirefu, kisha akaamua kwamba Kongresi haikukusudia tiketi ziuzwe nje ya Washington, na faini ikabaki palepale. Mbinu ni ileile ya Marbury: Virginia ilishinda dola zake mia moja na kupoteza hoja nzima.

Kwa nini McCulloch dhidi ya Maryland husemwa ndiyo kubwa kuliko zote?

Kwa sababu inagusa serikali nzima, si mahakama tu. Kongresi iliunda Benki ya Pili ya Marekani mwaka 1816. Watu wengi waliichukia, na mwaka 1818 Maryland ikazitaka benki zisizosajiliwa na jimbo zichapishe noti zao kwenye karatasi yenye stempu ya kodi, au zilipe dola 15,000 kwa mwaka. James McCulloch, mtunza fedha wa tawi la Baltimore, aliendelea kutoa noti bila kulipa, na jimbo likamshtaki.

Maswali yalikuwa mawili. Kongresi ina uwezo wa kuunda benki wakati neno benki halimo katika Katiba? Mawakili walibishana siku tisa, na siku tatu tu baadaye, tarehe 6 Machi 1819, Marshall akawa na jibu ambalo majaji wote waliliunga mkono. Katiba, alisema, si kitabu cha kanuni kinachoorodhesha kila kitu. Lengo likiwa halali na ndani ya Katiba, Kongresi inaweza kuchagua njia inayofaa kulifikia, mradi Katiba haikuikataza. Kama inaweza kutoza kodi, kukopa na kugharamia jeshi, inaweza kuwa na benki ya kuhifadhi na kusafirisha fedha hizo. Swali la pili: jimbo linaweza kuitoza kodi? Hapana, kwa kuwa uwezo wa kutoza kodi ni uwezo wa kuangamiza, na sehemu moja haiwezi kuangamiza kilichoundwa na wote.

Virginia iliwaka. Majaji wa jimbo hilo waliandika makala kali magazetini kwa majina ya bandia, na Marshall, Jaji Mkuu wa nchi, akajibu magazetini naye kwa jina la bandia, akijitetea. Ohio ilikwenda mbali zaidi: Septemba 1819 maofisa wake waliingia tawi la benki mjini Chillicothe wakaondoka na zaidi ya dola 100,000 kama kodi. Hilo nalo lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1824 Ohio ikashindwa.

Kuhusu McCulloch mwenyewe: ilikuja kugundulika kwamba yeye na washirika wake walikuwa wamejikopesha fedha za tawi lile bila dhamana, na hasara ikawa kubwa sana. Jina lake limebaki katika kila somo la sheria ya katiba Marekani.

Na biashara kati ya majimbo?

Hapo kuna Gibbons dhidi ya Ogden (1824). New York iliwapa Robert Livingston na Robert Fulton ukiritimba wa boti za mvuke katika maji yake. Aaron Ogden alinunua haki kutoka kwao. Thomas Gibbons, aliyewahi kuwa mbia wake, aliendesha boti kutoka New Jersey kwa leseni ya shirikisho. Marshall akaamua kwamba usafiri wa majini ni sehemu ya biashara ambayo Kongresi ina mamlaka nayo, na leseni ya shirikisho inaishinda haki ya jimbo. Nauli zilishuka na boti zikaongezeka upesi. Tofauti na hukumu nyingi za Marshall, hii ilishangiliwa na watu wa kawaida.

Hukumu hizi zililinda haki za raia?

Kidogo sana. Katika Barron dhidi ya Baltimore (1833), mwenye gati lililojaa mchanga kwa sababu ya kazi za barabara za jiji alidai fidia kwa mujibu wa Marekebisho ya 5 ya Katiba, yanayotaka mali ikichukuliwa na serikali ilipwe. Marshall alisema Orodha ya Haki (marekebisho kumi ya mwanzo ya Katiba) inaifunga serikali ya taifa tu, si majimbo. Njia ya kulibadilisha hilo ilifunguliwa na Marekebisho ya 14, mwaka 1868.

Kuhusu utumwa rekodi ni mbaya zaidi. Marshall mwenyewe alimiliki watumwa maisha yake yote. Mwaka 1825, katika kesi ya meli Antelope, alikiri kwamba biashara ya watumwa ni kinyume cha sheria ya asili, kisha akaamua kwamba sheria ya mataifa haiikatazi. Mtu aliyeweza kuinyumbulisha Katiba hadi ikazaa benki hakuona namna ya kuinyumbulisha hapo.

Ilikuwaje kwa Wacherokee?

Hapa ndipo mpaka wa nguvu za mahakama ulipoonekana. Georgia ilitaka ardhi ya taifa la Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na ikatunga sheria za kuifuta serikali yao. Mwaka 1831 Wacherokee walishtaki kama taifa la kigeni. Marshall akasema wao ni taifa tegemezi lililo ndani ya nchi, si la kigeni, hivyo mahakama haina mamlaka. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Samuel Worcester, mmisionari aliyehukumiwa na Georgia miaka minne ya kazi ngumu kwa kuishi kwa Wacherokee bila kibali cha jimbo. Safari hii Marshall hakukwepa: sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee.

Georgia haikutuma wakili katika kesi hizo zote mbili, na haikumwachia Worcester. Mahakama ilimaliza kikao chake Machi 1832 na isingekutana tena hadi Januari 1833. Worcester alitoka mwezi huo kwa msamaha wa gavana, baada ya mapatano ya kisiasa wakati South Carolina ikitishia kuikaidi serikali ya taifa. Wacherokee hawakupata chochote. Mwaka 1838 waliondolewa kwa nguvu ya jeshi kwenda magharibi, na idadi ya waliokufa mara nyingi hukadiriwa kuwa karibu 4,000.

Rais Jackson kweli alisema, "Marshall ametoa hukumu yake, sasa na aitekeleze"?

Hakuna ushahidi wa wakati ule. Maneno hayo yalichapishwa miaka zaidi ya 30 baadaye. Alichoandika kweli, katika barua ya Aprili 1832, ni kwamba uamuzi wa mahakama umezaliwa mfu. Sioni kama ni bora kuliko maneno aliyosingiziwa. Mwezi Julai mwaka huohuo aliupiga veto muswada wa kurefusha maisha ya Benki ya Marekani na kusema kwamba maoni ya majaji kuhusu Katiba hayamfungi, miaka 13 baada ya McCulloch.

Baada ya Marbury, mahakama ilifuta sheria ya Kongresi tena lini?

Kwa hesabu ya kawaida, mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott: miaka 54 baadaye. Marshall hakuifuta sheria nyingine ya Kongresi hadi alipofariki Philadelphia tarehe 6 Julai 1835. Mrithi wake, Roger Taney, aliitumia silaha hiyo kusema kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Kongresi haiwezi kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza miaka minne baadaye.

Nikitaka kusoma hukumu moja tu, nianze na ipi?

Wengi watakuambia Marbury. Mimi nasema McCulloch, kwa sababu hoja yake inafuatika hata na asiye mwanasheria na inaeleza kwa nini serikali ya taifa ilivyo leo ni kubwa kuliko maneno ya Katiba yenyewe. Marbury isome ya pili, uanzie na sehemu ya mwisho kuhusu Kifungu cha 13. Kurasa za mwanzo kuhusu saini na lakiri utazirudia ukishajua anakoelekea. Na ukibaki na muda, soma ya Worcester.